Kola Inatafuta Shingo

Umekwisha kusema "nipatie mukasi" ndani ya nyumba ambamo hakuna mtu wa kukupatia? Asumini alikuwa akisema hivyo kila siku, pengine mara tano, pengine mara kumi. Ameinama kwenye mashini yake ya miguu, kwenye chumba cha mbele kule Katoyi, mtaa wa Goma, uzi umefika mwisho, na bila kuinua macho ananyosha mkono wa kulia kuelekea kile kiti kifupi cha mbao. "Nipatie mukasi." Mkono unabaki hewani. Halafu anakumbuka, anashika ukingo wa meza, anainuka na goti lake baya, anauchukua mwenyewe.

Kiti kile kilikuwa cha binti yake Shakila. Shakila aliolewa Kinshasa mwaka 1997, na mwaka uliofuata uasi ukaikata nchi vipande viwili. Goma ikabaki upande huu, Kinshasa upande ule, barua hazipiti. Mume wa Asumini, Mbaraka, dereva wa lori, mtu wa Kasongo kwa ukoo, alikuwa amekwisha kufa kabla ya hapo. Basi nyumba ikabaki na Asumini, mashini, pasi ya makaa, na kiti.

Kazi yake ilikuwa kola. Si shati, kola peke yake. Kola za mashati meupe ya shule. Alikuwa anakata vipande viwili, anaweka kitambaa kigumu katikati, anashona upande wa ndani, anapunguza pembe, halafu anageuza. Ncha za kola alizisukuma nje kwa kijiti cha mwavuli uliovunjika, polepole, maana ukisukuma kwa haraka kijiti kinatoboa. Kisha pasi. Kisha anazifunga kumi na mbili pamoja kwa utepe wa kitambaa. Miaka minne aliifanya kazi hiyo na hakuwa ameona hata shati moja likimalizika.

Aliyempa kazi ni Muzee Hemedi wa Birere, mwenye duka karibu na mpaka wa Rwanda. Zamani Hemedi alikuwa na washonaji wote chini ya bati moja. Wawili kati yao wakajua shati zima kutoka mwanzo hadi mwisho, wakaenda kufungua duka lao, na wakalifungua mbele ya lake, mlango kwa mlango. Halafu uasi ukaja, na wanajeshi wakawa wanaingia wanakotaka. Ndipo Hemedi alipoligawa shati. Mikono akaipeleka nyumba moja, mifuko nyumba nyingine, vifua nyumba nyingine, kola kwa Asumini, na nyumba ya mwisho, ambayo Asumini hakuijua, ikawa ya kuunganisha shingo. Duka la Birere likabaki la kugawa vitambaa, kupiga vifungo na kunyosha.

"Basoda bakiingia kwa nyumba moja, banapata mashini moja," Hemedi alimweleza siku ile ya kwanza, baiskeli yake ikiegemea mlango. "Byote bikiwa pamoja, siku moja tu tunamalizika."

"Na hao wengine ni bakina nani, Muzee?"

"Mama Shakila, wewe shurulika na kola. Mambo ya mikono iko na benyewe."

Akampa patroni. Na hapa inafaa nieleze, kwa sababu neno hili ndilo lililoleta maneno yote. Patroni ya mshonaji ni kartoni iliyokatwa kwa umbo la kipande: unailaza juu ya kitambaa, unazungusha chaki, unakata. Lakini kwetu tajiri wa kazi naye anaitwa patroni. Hemedi alikuwa patroni na aligawa patroni, na kila nyumba ilipata kartoni ya kipande chake tu. Sheria zilikuwa mbili. Mshono uingie ndani kidole kimoja, si zaidi. Na kila kipande kiwe na krani zake, zile alama ndogo zinazokatwa kwa ncha ya mkasi. Krani za kola zikutane na krani za shingo, moja kila bega. Zikikutana, watu wawili wasiojuana wameshona shati moja. Hawahitaji kusalimiana.

Hilo ndilo lililomuuma Asumini. Yule aliyekuwa anashona mifuko alipokimbilia Bukavu, Hemedi alichukua kartoni ya mifuko akaipeleka kwa mtu mwingine, na baada ya wiki moja mifuko ilikuwa inakuja kama kawaida. Hemedi mwenyewe alimsimulia, tena kwa furaha, jinsi kazi isivyosimama. Asumini alicheka kwa adabu. Hemedi alipoondoka aliangalia kartoni yake iliyotundikwa kwenye msumari, akaona kwamba yenyewe ndiyo Hemedi anayoihitaji, si yeye.

Basi akaanza jambo dogo. Ndani ya kila kola, mahali ambapo shingo itaficha, alipiga mishono mitatu ya uzi wa buluu. Haikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa kama kubisha hodi.

Miezi ikapita, hodi haikujibiwa. Halafu akapata homa, akakata kola moja vibaya, krani ikasogea nusu kidole, na Hemedi akairudisha ikiwa bado imeshikilia shati upande mmoja.

"Ona. Bega haikutani. Fungua, tengeneza."

Hemedi alipokwenda, Asumini aliliweka lile shati mapajani kama mtoto aliyelala. Mikono yake hii hapa, mifuko yake hii. Akaanza kufumua shingo, na ndani, chini ya mishono yake mitatu ya buluu, akakuta mishono minne ya uzi mwekundu.

Alihesabu tena. Minne. Mitatu yake, na mtu amejibu kwa minne.

Sasa utafanya nini, kama njia ya pekee ya kupata jibu ni kola kurudi, na kola hairudi mpaka iwe mbovu? Asumini, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupeleka kazi mbaya kwa kusudi, alichukua mkasi akakata krani nusu kidole mbali na mahali pake. Akapiga mishono mitano ya buluu. Akaificha katikati ya zile kumi na mbili, kama mwizi. Wiki mbili baadaye Hemedi akairudisha huku amekunja uso, na ndani kulikuwa na sita nyekundu. Akakaa mwezi mzima bila kujaribu tena. Halafu akapeleka saba. Zikarudi nane, na ya nane ilikuwa imepindwa kidogo mwishoni, kama mkia, kama mtu aliyekuwa anacheka.

Lakini safari hiyo Hemedi hakuegemeza baiskeli. Alibaki ameishika.

"Mama Shakila, macho imechoka?"

"Hapana, Muzee."

"Kosa ni ile ile, mara tatu. Nusu kidole, bega ya kuume. Ikirudia, nitapeleka patroni kwa mutu mwingine. Usinikasirikie. Shule haingojake."

"Ndiyo, Muzee."

Alikuwa amekwisha kutayarisha kola ya mishono tisa. Aliiweka chini ya godoro. Kola zilizofuata zote zilikuwa safi, hakuna iliyorudi, na nyumba ikawa kimya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa alijua kwamba mahali fulani katika mji huu kuna mtu anayengoja tisa.

Siku ya Alhamisi, tarehe kumi na saba ya mwezi wa kwanza, 2002, mlima ukapasuka. Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa Goma. Wengine mjue tu kwamba moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji, ukapita Birere, ukaingia ziwani. Watu wa upande wa Katoyi walikimbilia njia ya Sake. Jirani alibeba redio, mwingine mbuzi. Asumini alifunga mlango, akafika barabarani, akarudi ndani, na vitu alivyochukua vilikuwa kartoni ya kola, mkasi, na ile kola ya chini ya godoro. Unga aliuacha.

Siku ya tatu alirudi. Katoyi yake ilikuwa imesimama, majivu juu ya bati, mashini chini ya shuka palepale. Lakini Birere ilikuwa jiwe jeusi linalotoa moshi. Watu walikuwa wanapita juu yake kwa haraka, soli za viatu zinalainika, wanaelekeza kwa kidole: hapa palikuwa kwa fulani, hapa kwa fulani. Duka la Hemedi lilikuwa chini, kimo cha mtu mzima. Wengine walisema amekimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wengine walielekeza kidole kwenye jiwe.

Asumini alisimama pale, na wazo lililomjia si la kazi wala la Hemedi. Aliwaza: yeye peke yake ndiye aliyetujua wote. Nyumba tano, na njia za kutoka nyumba hadi nyumba zilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Sasa anayengoja tisa zangu nitamtafutia wapi?

Upande wa Katoyi kulikuwa na shule ambamo waliopoteza nyumba walikuwa wanalala, na ukuta wake wa mbele ulijaa karatasi za waliopoteana. Mwalimu mmoja, Constant, alikaa hapo na kalamu, anawaandikia watu. Asumini alipanga foleni nyuma ya mama anayetafuta watoto wawili, na aliona haya hata kabla zamu yake haijafika.

"Unatafuta nani, mama?"

"Mutu mwenye kuunganisha shingo."

Constant aliinua macho. "Jina yake?"

"Sijue jina."

"Mutaa?"

"Sijue. Mwalimu, andika tu hivi: kola hii inatafuta shingo yake. Mwenye patroni ya shingo, akuye kwa Mama Shakila, Katoyi, nyuma ya pampu ya maji."

Constant aliandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, kisha akainamisha kichwa kwa heshima ya kweli. Asumini akaitundika kola kwa pini juu ya karatasi, tisa za buluu zikitazama nje.

Kila asubuhi alikwenda kuangalia. Wakati wa foleni ya maji wanawake walimchokoza.

"Mama Shakila, kola yako imeshapata shati?"

"Bado."

"Na ikipata shati yenye mume ndani, utaniambia!"

Walicheka, naye alicheka nao, na kicheko kilikwisha mdomoni mwake kabla ya chao. Mtu mmoja mwenye kofia alisoma karatasi polepole, akamgeukia. "Patroni wako nilimuona Gisenyi. Hemedi, si njo yeye? Niko naenda kule kesho. Nitamwambia unamutafuta."

"Hapana, si yule patroni, ni..." Lakini mtu wa kofia alikuwa amekwenda.

Siku ya sita alikuta karatasi imelowa na mvua, wino umeteremka. Siku ya saba hakukuwa na kitu kipya. Siku ya nane, pembeni mwa kola yake, palitundikwa shati jeupe bila kola. Mikono ilining'inia pande zote mbili ukutani, na majivu yalikuwa yamekaa kwenye mikunjo. Asumini alisogea. Akageuza ukingo wa shingo kwa kidole.

Moja, mbili, tatu. Alipofika kumi alisimamisha kidole hapohapo, juu ya uzi mwekundu.

"Krani zako!" sauti ilisema nyuma yake. "Mungu wangu, krani zako zilinitesa!"

Alikuwa mwanamke wa umri wake, mrefu, amevaa kiatu cha kulia cha mwanamume na ndala ya kushoto. Kiswahili chake kilikuwa na Kinyarwanda cha Rutshuru ndani yake. Aliitwa Nyiransabimana. Alikuwa akikaa Murara, na nyumba yake ya Murara ilikuwa chini ya jiwe, na mashini yake pia.

"Nilikimbia na mashati kumi na mbili kwa kichwa," alisema. "Yangu sikubeba hata nguo moja. Mutoto wa dada yangu ananiuliza, tantine, hizi ni za nani? Naye nitamwambia nini? Hazina hata kola!"

"Mimi nilibeba kartoni."

"Basi tuko wazima wa akili wawili." Akacheka, akafunika mdomo, kisha akawa na uso wa kukaripia. "Lakini niambie. Nusu kidole, bega ya kuume, kila mara. Mushonaji muzuri hivi. Ulikuwa na nini?"

Asumini aliangalia chini, kwenye ile ndala.

"Niliharibu kwa kusudi. Ili zirudi."

Nyiransabimana alichomoa pini, akakunja shati lake vizuri, kifua ndani, kama linakwenda dukani.

"Nusu kidole," alisema, "nani anashindwa kuvuta nusu kidole? Ningevuta kidogo, ikakaa. Nilikuwa namwambia Hemedi: Muzee, haiwezekani, rudisha."

Siku hiyohiyo wakaenda Katoyi pamoja. Kulikuwa na mashini moja na mashati kumi na mbili yasiyo na kola. Asumini alishona, Nyiransabimana alikaa kwenye kile kiti kifupi, magoti yake marefu yakifika karibu na kidevu, akipachika kwa mkono. Waliongea habari nyingi: watoto, mlima, bei ya makaa, jinsi Hemedi anavyopiga kengele ya baiskeli hata mlango ukiwa wazi. Shati la kwanza lilipomalizika walilitundika kwenye msumari wa kartoni wakalitazama.

Lakini kuna neno moja ambalo Asumini hakulisema siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Uzi ulipofika mwisho, mkono wake ulianza kunyoka wenyewe, naye akaurudisha. Akashika meza, akainuka na goti lake, akachukua mkasi. Miaka minne mkono ule ulibaki hewani. Kama ungebaki hewani tena, na mtu amekaa pale, hiyo ingekuwa mbaya zaidi.

Siku ya nne kengele ya baiskeli ililia mlangoni.

Hemedi alikuwa amekonda. Baiskeli ilikuwa ya kuazima, ya wanawake. Aliingia mikono imefunguka, macho yana maji.

"Mama Shakila! Mutu wa Gisenyi ananiambia: iko mama moja Katoyi, ameandika kwa ukuta, anatafuta patroni wake. Nimesema, hata kama byote bimeungua, niko na mutu."

"Pole, Muzee. Pole kwa duka." Asumini alimpa mkeka akae. "Lakini sikukutafuta wewe. Nilitafuta patroni. Ya shingo."

Hemedi aligeuka, akamwona Nyiransabimana, akaliona shati ukutani, zima, na vifungo vya kuokota vya rangi tatu. Akaigusa kola yake kwa kidole.

"Nani aliwaonyesha nyumba?"

"Krani," alisema Nyiransabimana.

Hemedi akatoa kitambaa, akajifuta shingo. Halafu akaanza kuongea kama zamani, haraka, kwa vidole. Shule mbili zinataka mashati, zinafungua tena. Kartoni zake zote zimeungua. Shati lake sasa limebaki nyumbani kwa watu, kipande huku, kipande kule, naye anazunguka kukopi kimojakimoja. Mikono ameipata Ndosho. Mifuko ameipata. "Huyu mama nitamutafutia mashini kule Ndosho. Wewe unabaki hapa na kola. Kila mutu kwake, kama zamani. Basoda bangali mu mji, munajua. Lete patroni nikopi, Mama Shakila."

Nyiransabimana alikuwa ameinamia kazi. Sindano yake ilikuwa imesimama.

Asumini alitoa kartoni kwenye msumari. Hemedi alinyosha mkono. Asumini akaiweka mapajani mwake, akaifunika kwa viganja viwili.

"Ni nini?" Hemedi alisema. "Unataka nini? Mashini mupya? Sema. Pasi ya umeme? Miaka hii yote ni 'ndiyo Muzee, ndiyo Muzee,' na kola zinarudi mbovu, na mimi nazipeleka na kuzirudisha kama mupumbavu, kumbe munaongea! Ulikuwa unataka nini, mama? Sema tu, nisikie."

Asumini aliangalia mashini. Uzi ulikuwa umefika mwisho, unaning'inia. Aliangalia mkasi uliokuwa mbali naye, upande wa kiti.

"Nilitaka mutu wa kunipatia mukasi," alisema.